Maisha ya Bwana Seydou Keïta, Mpiga Picha wa Bamako



Katika kazi yetu ya kuzuru nyumba za watu, mara nyingi twakaribishwa kiti sebuleni, na wakati chai inapopikwa macho yetu huenda ukutani. Karibu kila nyumba ina picha. Hapa yuko baba wa nyumba, amesimama wima siku ya arusi yake; pale yuko mama na mtoto wake wa kwanza; na juu kabisa, ndani ya fremu iliyoanza kuliwa na mchwa, yuko mzee mmoja aliyevaa kanzu na koti, bakora mkononi. Tukiuliza, "Huyu ni nani?" wenyeji hutazamana. Mmoja husema ni babu wa upande wa mama. Mwingine husema la, ni ndugu yake babu. Mwisho twajibiwa, "Kwa kweli, Mwalimu, aliyejua amekwisha kufa."

Na kama aliyepigwa picha amesahauliwa, aliyeipiga je? Huyo hakuna hata amwulizaye. Kwa hiyo tumeona vema mwezi huu kuwaletea habari za mtu mmoja aliyewapiga picha watu wa mji wake kwa miaka mingi, kisha jina lake likapotea, kisha likaonekana tena. Habari zake ni za nchi ya mbali, lakini zatuhusu sote tulio na picha ukutani.

KUZALIWA KWAKE

Nchi ya Mali iko Afrika ya Magharibi, mbali na bahari, na mji wake mkuu, Bamako, umejengwa kando ya mto mkubwa uitwao Niger. Wakati wa utawala wa Wafaransa nchi hiyo iliitwa Sudani ya Kifaransa, nanyi msiichanganye na ile Sudani ya mto Nili. Wafaransa walijenga reli kutoka Dakar, pwani ya Senegal, hata Bamako; na kwa njia hiyo mji ulijaa wasafiri, wafanya biashara, makarani na askari.

Katika mji huo Seydou Keïta alizaliwa, yapata mwaka 1921. Baba yake alikuwa seremala, naye Seydou alikuwa mtoto wa kwanza. Hakupelekwa shule. Alipokuwa bado mdogo alitiwa katika kazi ya useremala, akajifunza kupima, kukata na kuunganisha mbao. Twaweza kusema kwamba hapo ndipo alipopata darasa lake la kwanza, maana seremala hujifunza kutazama kitu kabla ya kukigusa, naye ajua kwamba ubao ukikatwa vibaya haurudi tena kuwa mzima.

Mwaka 1935, alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, mjomba wake mmoja alirudi kutoka safari ya Senegal, akamletea zawadi: kamera ndogo ya Kodak, ya namna iitwayo Brownie. Kijana akaanza kuwapiga picha watu wa nyumbani. Picha za kwanza hazikuwa nzuri. Mkono ulikuwa haujazoea, na waliopigwa walikuwa hawajui kutulia. Walakini hakuiacha. Mchana alishika randa na msumeno, na nafasi ilipopatikana alishika kamera.

Walikuwapo watu wawili waliomsaidia. Wa kwanza ni Mfaransa mmoja, Pierre Garnier, aliyekuwa na duka la vifaa vya picha mjini Bamako. Wa pili ni Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule, Mwafrika mwenzake, ambaye naye alikuwa mpiga picha. Huyu Mwalimu Dembélé alimfundisha kazi ya chumba cha giza, yaani kuosha filamu kwa dawa na kutoa picha juu ya karatasi. Ujuzi huo watu wengine huuficha wasije wakajipatia mshindani. Yeye alimpa mwenzake bila choyo.

STUDIO YAKE

Mwaka 1948 Bwana Keïta alifungua studio yake mwenyewe katika kiwanja cha jamaa yake, mtaa wa Bamako-Coura, karibu na gereza kubwa la mji. Mahali hapo palikuwa pema kwa biashara, maana si mbali na stesheni ya reli wala na soko. Msafiri ashukaye katika gari la moshi aliweza kwenda kwa miguu, akapigwa picha, akaipeleka kwa jamaa zake kijijini wapate kuona kwamba yu hai na hali yake ni njema. Habari za kazi yake zikaenea, wakaja watu hata kutoka nchi za jirani.

Sasa twapenda mfahamu jinsi alivyofanya kazi, maana sifa yake yote imo humo.

Kamera yake ya studio ilikuwa kubwa, ya kusimama juu ya miguu mitatu, nayo ilitumia filamu za sentimita 13 kwa 18. Hakuwa na haja ya mashine ya kukuza picha: alilaza filamu juu ya karatasi, akaipitishia nuru, na picha ikatoka ya ukubwa ule ule wa filamu. Ndiyo sababu picha zake zilionyesha kila uzi wa nguo na kila shanga ya mkufu.

Lakini filamu za namna ile zilikuwa ghali. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kumpiga kila mtu picha moja tu. Hapakuwa na ya pili ya kujaribu. Basi kazi yote ilikuwa kabla ya kubonyeza. Alimtazama mtu, akamgeuza bega kidogo, akamwinua kidevu, akamwonyesha mahali pa kuweka vidole ili pete zionekane. Ukutani alikuwa ametundika mifano ya picha, na mtu aliweza kuchagua: "Nami nataka kukaa kama huyu." Watu wengi hawakupigwa wakitazama mbele moja kwa moja kama watu wa pasi, bali wamegeuka upande kidogo, kama mtu aliyeitwa na rafiki akageuka kuitika.

Alipenda nuru ya jua kuliko ya taa, kwa hiyo picha nyingi alizipiga uani. Ukuta ulikuwa wa kawaida tu, naye akatundika juu yake tandiko la kitanda chake mwenyewe, lenye matamvua. Tandiko hilo lilipochakaa alitafuta kitambaa kingine chenye nakshi, na baada ya miaka miwili au mitatu kingine tena. Uzeeni mwake, picha zilipoletwa mbele yake pasipo tarehe, aliweza kutazama nguo iliyo nyuma ya mtu na kusema picha hiyo ni ya miaka gani. Wataalamu wa siku hizi huzisifu mno picha ambazo maua ya gauni na maua ya kile kitambaa yamechanganyika hata jicho halijui gauni laishia wapi. Lakini yeye mwenyewe alieleza kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati tu. Watu walikuja na nguo zao nzuri, naye alikuwa na kitambaa alichokuwa nacho.

Ndani ya studio viliwekwa vitu vya kuazimwa: suti za Kizungu pamoja na tai, saa za mkono, kalamu za wino, redio, simu, maua ya plastiki, baiskeli na pikipiki ya Vespa. Hata motokaa yake imo katika baadhi ya picha. Iko picha moja ya mwaka 1959 iliyojulikana sana: kijana mwenye miwani, amevaa suti nyeupe, kalamu imo mfukoni mwa koti, naye ameshika ua moja mbele ya kifua chake kwa uangalifu, kama ashikaye yai.

Huenda msomaji mmoja akasema, "Basi hayo ni maringo, na tena ni uongo, mtu kujipamba kwa saa isiyo yake." Sisi nasi tulifikiri hivyo mwanzoni. Lakini tulipozitazama picha hizo kwa kituo, tulibadili neno. Kumbukeni zilikuwa siku gani. Zamani zile Wazungu wengi waliwapiga Waafrika picha na kuziuza kama kadi za posta; chini ya picha hawakuandika jina la mtu, bali waliandika "mwanamke wa kabila fulani" au "aina ya watu wa nchi fulani", kama aandikavyo mtu juu ya chupa ya dawa. Aliyepigwa hakuulizwa atakavyo, wala hakupata nakala. Kwa Bwana Keïta mambo yalikuwa kinyume. Mtu alikuja kwa miguu yake, akavaa alivyotaka, akatoa fedha yake, akachukua picha yake akaenda nayo nyumbani. Karani, fundi, mama mwenye watoto, msichana na shangazi yake, wote walipokewa kama wageni wa heshima. Kuazimwa saa ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba mtu aliulizwa, "Wapenda uonekane vipi?" Swali hilo watawala hawakuwa na desturi ya kuliuliza.

KAZI YA SERIKALI

Nchi ya Mali ilipata uhuru mwaka 1960. Mwaka 1962 serikali mpya ilimwita Bwana Keïta awe mpiga picha wake, na haukupita muda mrefu akaifunga studio. Akaitumikia serikali hata mwaka 1977, alipostaafu. Baada ya hapo alijishughulisha na ufundi wa mitambo, kazi aliyoipenda vilevile tangu zamani. Majirani wengi vijana walimjua kama mzee atengenezaye magari, wala si kama mtu aliyewapiga picha baba zao na mama zao.

Lakini jambo moja alilifanya, na bila hilo tusingekuwa na habari ya kuwaandikia. Hakuzitupa filamu zake. Maelfu ya filamu alizipanga na kuzihifadhi masandukuni. Hakuna aliyemlipa kwa kuzitunza. Hakuna aliyemwambia zitakuwa na faida. Fundi mwema hatupi kazi ya mikono yake.

JINA LILILOPOTEA

Mwaka 1991 katika mji wa New York, Marekani, yalifanyika maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika. Kati ya vitu vilivyowekwa zilikuwamo picha kadha za Bamako. Watu walisimama mbele yake wakastaajabu. Lakini chini yake hapakuwa na jina la mpiga picha. Iliandikwa tu kwamba mwenyewe hajulikani. Hajulikani! Naye wakati huo yu hai, yu mjini kwao, na filamu zimo sandukuni.

Mfaransa mmoja, André Magnin, aliyekuwa akikusanya vitu vya sanaa ya Afrika kwa ajili ya tajiri Jean Pigozzi, alifunga safari kwenda Bamako kumtafuta mtu huyo. Yasimuliwa kwamba alipofika alipelekwa kwa mpiga picha mwingine, Malick Sidibé, aliyekuwa na studio mtaa wa Bagadadji na aliyesifika kwa picha za vijana na karamu zao za dansi. Mgeni akamwonyesha zile picha. Bwana Sidibé alizitambua mara moja: ni kazi ya Seydou Keïta. Akampeleka kwake.

Wasomaji, tutue kidogo hapa. Bwana Sidibé naye alikuwa fundi, tena wa kazi ile ile. Mgeni kutoka Ulaya amekaa mbele yake, naye ana hamu ya picha za Bamako. Ni rahisi kiasi gani kunyamaza, au kusema, "Mtu huyo simjui, lakini tazama zangu." Hakufanya hivyo. Alimrudishia mwenzake jina lake. Naye hakupungukiwa na kitu: mwaka 2007 huko Venice, Italia, alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya kazi ya maisha yake yote, na katika wapiga picha yeye alikuwa wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Alifariki mwaka 2016, mwenye heshima kubwa.

Mwaka 1994 picha za Bwana Keïta zilionyeshwa peke yake mjini Paris. Filamu zile za sentimita 13 kwa 18 zilikuzwa zikawa picha kubwa sana, na mzee alipoziona alifurahi mno, maana hajapata kuiona kazi yake kwa ukubwa ule. Mwaka huo huo maonyesho ya kwanza ya wapiga picha wa Afrika yalifanyika Bamako, mjini kwake. Tangu hapo jina lake likatangaa. Alifariki Paris mwezi wa Novemba mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka themanini hivi. Na mwaka 2016 picha zake zilipangwa katika jumba la Grand Palais, mojawapo ya majumba makubwa ya mji huo.

Hatutaficha kwamba baada ya kufa kwake yalitokea mabishano juu ya zile filamu, nani mwenye haki ya kuzishika na kuzichapisha, na maneno yakafika hata mahakamani. Kitu kilicholala sandukuni miaka mingi bila mtu kukitaka, kilipopata bei kilipata wenyewe wengi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee aliye na kazi ya mikono yake na aandike mapema, mbele ya mashahidi, nini ni cha nani. Asiwaachie watoto wake kazi ya kukisia.

JAMBO LILILOBAKI

Sasa twafikia neno lililotufanya tuandike makala hii. Jina la mpiga picha lilirudi. Lakini ya wale waliopigwa je? Mkienda leo katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani mtawaona watu wa Bamako wamepangwa ukutani: yule kijana mwenye ua, mama aliyelala kwa mkono mmoja juu ya mto, baba aliyepakata mtoto mchanga, wasichana wawili juu ya Vespa. Chini ya picha nyingi imeandikwa, "Haina jina." Macho yao ni maangavu kama ya mtu atakaye kusema; lakini nani atawaita? Walitoa fedha yao, wakavaa nguo zao njema ili wakumbukwe, na kweli wanatazamwa na maelfu ya watu, ila hawakumbukwi. Kutazamwa si kukumbukwa.

Wala kosa si la Bwana Keïta. Yeye alifanya sehemu yake: aliwapa sura iliyo njema, akatunza filamu. Picha yaweza kushika uso, na nguo, na hata tabia ya mtu, jina haiwezi. Jina lazima liandikwe na mtu, nalo lazima liandikwe wakati ajuaye angali hai.

Basi, ndugu zetu, twawaomba jambo moja dogo. Jioni ya leo, baada ya kula, shusheni picha za ukutani. Mwiteni bibi, au mzee ye yote aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, akae mahali penye mwangaza. Chukueni kalamu ya risasi, wala si ya wino, maana wino hupenya ukaharibu uso wa picha. Na mwandiko uwe mwepesi. Nyuma ya kila picha andikeni majina ya wote waliomo, kuanzia kushoto. Kisha mahali, na mwaka, au kama mwaka haujulikani, jambo lililotukia wakati huo, kama vile njaa, arusi au mafuriko. Mwisho andikeni jina la aliyeipiga.

Na wale ambao picha zao zimo ndani ya simu, wasijione wamepona. Simu ikianguka mtoni, au ikiibiwa sokoni, ukoo mzima huenda nayo. Chagueni chache, mzichapishe kwenye karatasi, mziandike kama tulivyosema.

Tena, kama katika mji wenu yuko mzee mpiga picha, yule aliyewapiga siku ya arusi, au siku ya kumaliza shule, nendeni mkamwamkie. Mwulizeni filamu zake ziko wapi, na kama zimo mahali pakavu. Mwulizeni jina lake kamili. Huenda ni miaka mingi hakuna aliyemwuliza.

Sisi wenyewe tumekwisha kuanza. Picha yetu ya siku tuliyomaliza chuo ina watu kumi na mmoja. Tulipoketi kuandika tuliweza kuwataja tisa. Wawili hatukuwakumbuka, ingawa tulilala nao chumba kimoja na kula nao sahani moja. Tumemwandikia mwenzetu mmoja barua, na twangoja jibu.